Saplimenti, presha na sukari: mwongozo kamili kwa anayemeza ARV Nairobi

Ukishameza ARV, dawa za kudhibiti HIV, miaka kadhaa bila kukosa, na kila ukipimwa majibu yanarudi LDL, yaani virusi ni vichache mno kuonekana kwenye kipimo, virusi huacha kuwa shida yako ya kwanza. Zinazobisha hodi sasa ni presha, sukari, mafuta kwenye damu na kitambi. Hapo ndipo saplimenti zinapoingia. Zinauzwa kwenye kemisti za River Road, ndani ya basi linalongoja kujaa, kwenye makundi ya WhatsApp, na hata nje ya kanisa na mtu unayemheshimu sana. Kila mkebe una ahadi yake: kusafisha damu, kushusha sukari, kuyeyusha mafuta, kupandisha kinga.

Sisemi saplimenti zote ni mbaya. Chache zina kazi ya kweli, na baadhi utapewa na kliniki yenyewe. Ninachosisitiza ni utaratibu: pima kwanza ujue mwili una shida gani, uliza kama kitu hicho kinapatana na ARV zako, kisha kipangie saa yake. Wengi huanzia mwisho: wananunua kwanza. Na kinachowaponza mara nyingi si sumu. Ni madini ya kawaida kabisa, chuma na kalsiamu, yaliyomezwa pamoja na ARV tumbo likiwa tupu.

Hatua ya 1: Jua unameza ARV gani

Watu wazima wengi wanaotibiwa Kenya wako kwenye TLD, tembe moja yenye tenofovir miligramu 300, lamivudine miligramu 300 na dolutegravir miligramu 50. Jina la kukariri hapo ni dolutegravir, maana ndiyo inayogombana na madini. Kama ulihamishiwa dawa za mstari wa pili, zile za anayeshindwa na za kwanza, huenda mkebe wako una atazanavir au lopinavir pamoja na ritonavir. Hizo zina ugomvi wake, nitaufikia.

Piga picha lebo ya mkebe uihifadhi kwenye simu. Wengi wetu huhamishia tembe kwenye chombo kingine ili walioko nyumbani wasiulize maswali. Hakuna ubaya, lakini basi hakikisha jina la dawa halijapotea pamoja na mkebe.

Hatua ya 2: Mwaga kila kitu mezani

Ukiulizwa kliniki kama unatumia dawa nyingine, jibu linalokuja haraka ni "hapana". Mama mmoja alijibu hivyo hivyo, kisha akafungua mkoba kutafuta kadi. Zikatoka tembe za nywele na kucha, mkebe wa kalsiamu, pakiti ya majani ya chai ya kupunguza tumbo, na dawa ya kutafuna ya kiungulia. Hakuwa anaficha kitu. Hakuvihesabu kama dawa, basi.

Kwa hiyo chukua mfuko na utie kila kinachoingia mwilini ambacho si chakula cha kawaida: multivitamini, unga wa protini wa jimu, mafuta ya samaki, unga wa mlonge, mwarobaini, habasoda, siki ya tufaha, makaa ya tembe, dawa za kiungulia, chupa zisizo na lebo kutoka kwa mtaalamu wa miti shamba. Watu husahau pia dawa za maji za vitamini wanazowapa watoto, na mtoto anayetumia dolutegravir anafuata kanuni zile zile za madini.

Na kama unatafuna odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni, litaje bila aibu. Hamu ya kula udongo mara nyingi huenda sambamba na upungufu wa damu, na hilo linapimika na linatibika.

Hatua ya 3: Geuza mkebe, soma nyuma

Mbele ya mkebe ni matangazo. Nyuma ndiko kuna ukweli, na kwa kawaida umeandikwa kwa Kiingereza. Tafuta majina matano: calcium, iron, zinc, magnesium na aluminium. Chuma hujificha pia kwa jina la ferrous, kwa mfano ferrous sulphate au ferrous fumarate. Multivitamini nyingi zina matatu au manne kati ya hayo. Dawa za kiungulia za kutafuna na zile za maji mazito meupe mara nyingi zimetengenezwa kwa hayo hayo.

Madini haya yakikutana na dolutegravir tumboni, huishika. Dawa ikishashikwa haiwezi kupenya ukuta wa utumbo kuingia kwenye damu, hivyo inapita na kutoka chooni. Umemeza tembe yako kwa uaminifu, saa ile ile ya kila siku, lakini damu imepata kidogo kuliko inavyohitaji. Yakiendelea hayo kwa miezi, virusi hupata nafasi ya kuzaana na hata kuizoea dawa.

Mkebe usioorodhesha kilichomo, au ulioandika tu "mchanganyiko wa siri wa mimea 27", urudishe ulikotoka.

Hatua ya 4: Panga saa

Kanuni ni hii: meza dolutegravir saa mbili kabla ya madini, au saa sita baada ya madini. Ukimeza TLD saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kukimbilia matatu, tembe yenye madini unaweza kuimeza kuanzia saa mbili asubuhi na kuendelea. Ukimeza TLD saa tatu usiku, basi madini yawe yameshamezwa kufikia saa tisa mchana. Kwa maisha ya Nairobi, mimi napendelea TLD asubuhi na madini baada ya chakula cha mchana. Hakuna hesabu ya kukumbuka ukiwa umechoka, na wale ambao dolutegravir huwakosesha usingizi wanapata nafuu pia.

Kuna njia ya mkato moja, nayo ni ya kalsiamu na chuma peke yake: vinaweza kumezwa pamoja na dolutegravir kama vyote vinaandamana na mlo kamili. Kikombe cha chai na kipande cha mkate si mlo wa kutegemea hapa. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hazina ruhusa hiyo hata ukila sinia zima. Hizo ni saa mbili baada ya TLD, au saa sita kabla yake.

Mama mjamzito lisikilize hili kwa makini. Kliniki ya wajawazito itakupa tembe za IFAS, chuma miligramu 60 na foliki asidi mikrogramu 400. Usiziache, unazihitaji wewe na mtoto. Lakini mhudumu anayekupa IFAS huenda si yule anayekupa ARV, na si kila mara atakumbuka kukuambia utenganishe. Zimeze mchana. Na usizisindikize na chai ya maziwa, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Maji na chungwa ni bora. Ukiwa umeandikiwa na kalsiamu pia, itenge na IFAS, kwa kuwa hayo mawili yenyewe hugombana.

Maziwa kwenye chai, mtindi, sukuma wiki, omena? Hayo ni chakula. Kula bila wasiwasi.

Walio kwenye atazanavir wanahitaji tahadhari ya aina nyingine: tumbo lao linahitaji asidi ili dawa ifyonzwe. Dawa za kiungulia na hasa omeprazole hupunguza asidi hiyo, na atazanavir inapungua nayo. Usinunue omeprazole kaunta kabla ya kuzungumza na kliniki.

Hatua ya 5: Pima kabla ya kununua

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo ingeokoa pesa nyingi. Mtu ananunua mkebe wa "kushusha sukari" na hajawahi kujua sukari yake ni ngapi.

Anza na kiuno. Chukua futi ya fundi nguo, ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani. Kwa mwanamke, sentimita 80 na zaidi ni ishara ya kuchunguza zaidi. Kwa mwanamume ni 94. Andika na tarehe.

Presha: kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Ukipimwa ukiwa umetoka tu kupanda ngazi, namba hiyo haina maana. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya kutibiwa.

Sukari: lala njaa, upimwe asubuhi baada ya saa nane au zaidi bila kula. Chini ya 5.6 ni sawa. Kuanzia 7.0 ni kisukari, na hurudiwa siku nyingine kuthibitisha. Kuna pia kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, ambacho kikifika asilimia 6.5 kinamaanisha kisukari. Kwa wanaoishi na HIV kipimo hicho wakati mwingine husoma chini kuliko hali ilivyo, kwa hiyo kikirudi kizuri na bado una kiu isiyoisha na unaenda haja ndogo usiku kucha, omba kile cha kulala njaa.

Mafuta kwenye damu na creatinine, kipimo cha kazi ya figo, huhitaji maabara. Tenofovir inaweza kugusa figo na mifupa, ndiyo maana kliniki hufuatilia. Lakini dolutegravir yenyewe hupandisha creatinine kidogo katika wiki za mwanzo bila kuumiza figo, na unga wa creatine wa jimu unaipandisha pia. Usipomwambia daktari kuhusu unga huo, anaweza kukuondoa kwenye dawa nzuri bure.

Kuhusu uzito: utafiti wa ADVANCE uliofanyika Johannesburg na kuchapishwa 2019 ulionyesha kwamba waliotumia dolutegravir waliongeza uzito zaidi ya waliotumia efavirenz, ARV nyingine, wanawake wakiwa mbele. Sehemu ya kilo hizo ni mwili kurudia afya. Sehemu si hiyo. Ukiona nguo zinabana, lipeleke kliniki kama malalamiko kamili, si kama mazungumzo ya kupitisha muda. Kuacha TLD kwa sababu ya tumbo ni kuchoma nyumba kwa ajili ya panya.

Hatua ya 6: Chambua mkebe mmoja mmoja

Multivitamini. Sifa zake zilianzia karibu na hapa. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa 2004 ulionyesha vitamini B, C na E zikichelewesha ugonjwa kwa akina mama wenye HIV ambao hawakuwa na ARV. Katika utafiti huo huo, vitamini A iliongeza hatari ya mtoto kuambukizwa. Kisha wakaja watu 3,418, huko huko Dar, waliokuwa wakianza ARV. Wengine walipewa dozi kubwa ya vitamini, wengine dozi ya kawaida. Matokeo yalichapishwa 2012: dozi kubwa haikuleta faida, na utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu kipimo cha ini kilipanda. Kwa hiyo kama unakula vibaya, dozi ya kawaida inatosha. Mikebe inayojisifu kwa asilimia 1,000 ya mahitaji ya siku haina unachohitaji.

Vitamini B6 utapewa ukiwa kwenye isoniazid ya kuzuia TB, ili mishipa ya fahamu ya miguu isiumie. Meza kama ulivyoandikiwa. Ukiiongeza mwenyewe kwa dozi kubwa muda mrefu, nayo huumiza mishipa ile ile.

Vitamini B12: kama umetumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka na nyayo zinakufa ganzi, uliza kuhusu B12. Metformin huipunguza. Na jambo kubwa zaidi juu ya metformin: dolutegravir huipandisha kwenye damu, kwa hiyo dozi yake isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Aliyekuandikia metformin katika kliniki ya kisukari huenda hajui uko kwenye TLD. Lazima ajue.

Vitamini D inasaidia aliyepungukiwa. Kumeza dozi kubwa kwa miezi bila kupimwa kunaweza kupandisha kalsiamu kwenye damu na kuleta mawe ya figo. Na angalia: tembe nyingi za vitamini D zimechanganywa na kalsiamu, basi rudi hatua ya 4.

Mafuta ya samaki hushusha trigliseridi, aina moja ya mafuta kwenye damu, lakini kwa gramu mbili hadi nne za omega-3 yenyewe kwa siku. Kapsuli ya kawaida ya gramu moja ina takriban miligramu 300 tu. Piga hesabu ya kapsuli na ya pesa. Dozi kubwa pia zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo ni jambo la daktari.

Mchele mwekundu uliochachushwa, unaouzwa kama tiba asilia ya kolesteroli, una kemikali ile ile ya dawa iitwayo lovastatin. Kwa aliye kwenye ritonavir hiyo ni hatari kubwa, sawa na simvastatin: dawa hurundikana na kuharibu misuli. Kama kolesteroli yako iko juu, omba statin halisi, dawa ya hospitali ya kushusha kolesteroli, iliyochaguliwa kulingana na ARV zako. Utafiti wa REPRIEVE wa 2023, wenye washiriki 7,769 wanaoishi na HIV katika nchi 12, ulionyesha pitavastatin, mojawapo ya statin hizo, ikipunguza mashambulizi ya moyo, kiharusi na mengine ya aina hiyo kwa asilimia 35, kwa watu ambao hatari yao ilikuwa ndogo au ya wastani. Hakuna saplimenti yenye ushahidi wa kufikia hapo.

Karela inaweza kushusha sukari kiasi. Kama mboga, pika ule. Juisi yake kila siku pamoja na dawa za kisukari inaweza kukuangusha kwa sukari kushuka mno.

Chai na tembe za kupunguza tumbo ndizo zinazonitia hofu zaidi. Nyingi zina sena, ya kuharisha. Kilo unazopoteza ni maji na madini ya mwili. Nyingine zimekamatwa katika nchi mbalimbali zikiwa na sibutramine iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu ya mashambulizi ya moyo na kiharusi.

Makaa ya tembe hunyonya dawa yoyote iliyo tumboni, ARV ikiwemo. St John's wort, inayouzwa ya kuondoa huzuni, hulifanya ini kuvunja ARV haraka; usiiguse. Unga wa mlonge una kalsiamu na chuma, utenge na TLD. Kitunguu saumu na tangawizi kwenye sufuria havina neno. Kapsuli zilizokolezwa ni kitu kingine.

Na vyote vinavyodai kumaliza virusi: 1990 nchi hii ilitangaziwa dawa iitwayo Kemron kwa shangwe kubwa, Rais Moi akiwepo, na majaribio yaliyofuata hayakuonyesha faida. Watu walikuwa wakifa na hawakuwa na kingine. Wewe unayo TLD.

Hatua ya 7: Rudi kwenye sahani

Pesa ya mkebe mmoja inanunua omena, ndengu, mayai na managu za wiki kadhaa kwa mama mboga. Mambo matatu yana uzito kuliko mengine. Sukari ya kunywa: soda, juisi za pakiti, vijiko vinne kwenye chai. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, yaani chipsi na smokie za jioni njiani. Na ukubwa wa ugali au chapati ukilinganisha na mboga. Mboga zichukue nusu ya sahani. Chumvi ipungue, hasa ile ya mchuzi wa unga wa pakiti. Shuka kituo kimoja kabla ya chako utembee kwa mwendo wa kutoa jasho, dakika 30 siku tano kwa wiki. Acha sigara kabla ya kufikiria kapsuli yoyote ya moyo.

Hatua ya 8: Namna ya kuuliza kwenye kaunta

Kemisti ina foleni, jirani yuko nyuma yako, na hutaki kusema HIV kwa sauti. Huhitaji. Andika kwenye simu: "Natumia dolutegravir, tenofovir na lamivudine. Hii inapatana?" Mwonyeshe mfamasia pamoja na mkebe unaotaka kununua. Akiwa amesoma kazi yake ataelewa mara moja. Akishangaa tu au akikwambia "hii ni asili, haina madhara", nenda kemisti nyingine. Angalia kama duka limesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Cheti kinapaswa kuwa ukutani.

Chuo Kikuu cha Liverpool kina ukurasa wa bure wa kuangalia mgongano wa dawa za HIV na dawa nyingine. Umeandikwa kwa Kiingereza, lakini rangi zake zinaeleweka: kijani endelea, nyekundu usithubutu. Mwombe mshauri rika au mfamasia wa CCC, kliniki yako ya HIV, mkae mwangalie pamoja.

Ukianza saplimenti, anza moja tu. Ukianza tatu siku moja na mwili ukawasha, hutajua mkosaji.

Hatua ya 9: Dalili za kukimbilia kliniki

Macho ya manjano na mkojo wa rangi ya kahawa, misuli inayouma bila sababu, uso au miguu kuvimba, mkojo kupungua, moyo kwenda mbio, upele wenye homa. Acha saplimenti siku hiyo hiyo, ARV endelea nazo, na uende na mkebe mkononi. Atazanavir inaweza kuleta macho ya manjano bila ini kuumia, lakini kazi ya kuamua hilo ni ya daktari.

Na kama umesoma hadi hapa ukagundua kwamba kwa miezi umekuwa ukimeza kalsiamu au chuma pamoja na TLD bila chakula, usiongeze dozi ya ARV kufidia, wala usiache. Tenganisha saa kuanzia leo. Kisha nenda CCC useme wazi, na uombe kupimwa kiwango cha virusi hata kama tarehe yako haijafika. Ikirudi LDL, endelea na ratiba mpya. Ikiwa imepanda, mtapanga ushauri wa kumeza dawa na kurudia kipimo baada ya miezi mitatu, na hapo utakuwa na jibu la kumpa daktari akikuuliza nini kilibadilika.